Boti ya Matanga Yenye Malengelenge: Niliinunua Nikijua

Boti ya matanga niliyo nayo sasa iliundwa mwaka 1978, ina urefu wa mita kumi kasoro kidogo, na chini ya mstari wa maji ina malengelenge. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Muuzaji alilitaja kabla sijauliza, na mkaguzi niliyemlipa alilithibitisha katika ripoti yake kwa maneno ambayo yangetosha kumfukuza mnunuzi yeyote mwenye moyo mwepesi. Walionitangulia walikuwa wamekwisha kufukuzika, ndiyo maana bei ilishuka hadi mahali ambapo mtu wa kipato changu angeweza kuanza kuizungumzia. Msimamo wangu, ambao nitaueleza hapa kwa kirefu, ni kwamba osmosisi ya bodi la faiba, yaani maji kuupenya mwili wa boti na kuutoa malengelenge, ni suala la fedha na muda kuliko suala la usalama, na kwamba mnunuzi anayejua kuipima anaweza kupata chombo kizuri kwa bei iliyoshushwa na hofu ya wengine. Msimamo huo una masharti, na sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu masharti hayo.

Tuanze na jinsi ugonjwa wenyewe unavyozaliwa, kwa sababu asiyeuelewa mwanzo wake hawezi kuamua lolote la maana anaposimama chini ya boti iliyopandishwa nchi kavu. Bodi la faiba ni nyuzi za kioo zilizolowekwa katika rezini, yaani kioevu cha plastiki kinachoganda, ambayo katika boti za zamani huwa ni poliesta karibu zote, na nje yake kuna tabaka jembamba lenye rangi liitwalo jelikoti, lenye unene wa takriban nusu milimita. Jelikoti hiyo inang'aa na inaonekana kama kioo, lakini haizibi kila kitu. Molekuli za maji hupenya ndani yake moja moja, polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka zinaifikia faiba iliyo nyuma. Kama siku ya kuunda boti mafundi walilowesha nyuzi zote vizuri, wakatoa hewa yote kwa rola, na rezini ikaganda katika joto linalofaa, maji hayo hayapati pa kujikusanya. Kama walifanya haraka, yatakuta vijumba vidogo vya hewa, nyuzi zilizobaki kavu, au tone la kigumisho ambalo halikuchanganywa sawasawa, na hapo ndipo yanapoweka makazi.

Maji yakikaa humo kwa muda mrefu huanza kuivunja poliesta yenyewe, kwa kuwa viungo vya kikemia vinavyoishikilia rezini hiyo vinaweza kukatwa na maji. Mabaki yake ni glaikoli na asidi za aina mbalimbali, nayo huyeyuka katika maji yaliyomo kijumbani na kuyafanya kuwa mazito. Molekuli za mabaki hayo ni kubwa mno kiasi kwamba haziwezi kurudi nje kwa njia ile ambayo maji yaliingilia, ilhali maji ya nje yanaendelea kuingia kwa sababu kioevu kizito huvuta maji mepesi kupitia utando unaoyaruhusu. Hiyo ndiyo osmosisi iliyolipa tatizo hili jina. Shinikizo huongezeka ndani ya nafasi isiyoweza kupanuka, na mwisho wake jelikoti huinuka na kufanya lengelenge. Ukilitoboa, kioevu hutoka kwa kuruka, chenye kunata kidogo ukikisugua baina ya vidole na mara nyingi chenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni ya asidi ya asetiki, ambayo hutokana hasa na gundi zilizotumiwa zamani kushikanisha mikeka ya nyuzi fupi kabla ya kulowekwa rezini. Kioevu hicho ni cha asidi na hutoka kwa shinikizo, kwa hiyo vaa miwani ya kinga kabla hujatoboa chochote.

Kuna mambo mawili ya kushangaza yanayotokana na maelezo hayo. La kwanza ni kwamba maji baridi ya ziwani na mtoni huleta malengelenge upesi kuliko maji ya bahari. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, kwa hiyo tayari ni kioevu kizito kiasi, na nguvu ya kuvutwa kuingia ndani hupungua. La pili ni kwamba joto huharakisha kila hatua, kupenya kwa maji na kuvunjika kwa rezini pia. Boti iliyoishi miaka thelathini katika ziwa lenye joto bila kupandishwa ina historia tofauti kabisa na boti ya umri uleule iliyokaa nchi kavu nusu ya kila mwaka ikikauka. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ninalomuuliza muuzaji ni boti ilielea wapi, na kwa miezi mingapi ya mwaka. Mwaka wa kuundwa huja baadaye.

Umri nao una maana yake, ingawa si ile wanayodhani wengi. Boti za mwanzo za faiba hazikuwa dhaifu. Pearson Triton, boti ya futi 28 iliyosanifiwa na Carl Alberg na kuonyeshwa New York mwaka 1959, ni miongoni mwa zile zilizofungua njia ya uundaji wa boti nyingi za faiba zinazofanana, na mpaka leo kuna nyingine za aina hiyo zinazosafiri. Mabodi ya zama hizo yalikuwa manene. Baadaye uundaji ukawa biashara ya haraka, mashine za kunyunyizia nyuzi zilizokatwakatwa zikaenea, na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 kukaifanya rezini kuwa kitu cha kubaniwa. Boti nyingi zinazolalamikiwa kwa malengelenge ni za miaka ya 1970 na ya 1980. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhode Island walitoa ripoti kwa ajili ya walinzi wa pwani wa Marekani juu ya chanzo cha malengelenge hayo, na katika miaka hiyohiyo viwanda vilianza kubadilika. Vilianza kutumia poliesta ya aina ya isofthaliki, inayostahimili maji kuliko ile ya othofthaliki iliyokuwa ya kawaida, na baadaye tabaka la vinilesta, rezini ya aina nyingine, mara tu nyuma ya jelikoti. Boti yangu iliundwa kabla ya mabadiliko hayo, na sikutarajia muujiza.

Ukaguzi wa bodi unataka uvumilivu, na zaidi ya uvumilivu unataka kuwapo kwa wakati unaofaa. Ni lazima uwe pale boti inapoinuliwa kutoka majini, si wiki tatu baadaye. Malengelenge madogo yanaweza kunywea boti ikikauka, na muuzaji mjanja anayejua hilo ataitoa boti mapema na kuiacha ipigwe na upepo kabla ya kumwita mnunuzi. Mara baada ya bodi kuoshwa kwa mashine ya maji ya shinikizo, subiri likauke juu, kisha pita ukiwa na tochi, ukiielekeza sambamba na bodi ili mwanga ukimbie juu ya uso wake. Vijivimbe ambavyo mchana hauvionyeshi huonekana vyote kwa vivuli vyake. Nilipofanya hivyo kwenye boti hii, upande mmoja ulikuwa na malengelenge mengi ya ukubwa wa punje za kunde, yaliyozidi kuwa machache kuelekea omo, yaani mbele ya boti, na upande wa pili ulikuwa karibu safi. Tofauti ya namna hiyo huonyesha kwamba chanzo ni kazi ya siku fulani kiwandani, kwa kuwa pande mbili za bodi moja mara nyingi zilitandikwa na mikono tofauti au katika hali tofauti ya hewa.

Si kila uvimbe ni osmosisi. Mara nyingi rangi ya kuzuia viumbe wa baharini ndiyo iliyoachana na tabaka lililo chini yake, hasa baada ya miaka mingi ya kupakwa rangi juu ya rangi, na lengelenge la namna hiyo likikwanguliwa huacha jelikoti nzima isiyo na alama. Ndiyo maana ruhusa ya kukwangua ni jambo la kuombwa mapema na kuandikwa katika makubaliano. Mimi niliomba nikwangue vipande vya ukubwa wa kiganja sehemu mbalimbali chini ya mstari wa maji na kutoboa malengelenge machache, kwa ahadi ya kupaka rangi upya sehemu hizo nisiponunua. Muuzaji anayekataa kabisa ombi hilo amekwisha kunijibu swali langu.

Ukishatoboa, kinachotafutwa ni kina. Lengelenge lililo ndani ya jelikoti au baina ya jelikoti na mkeka wa kwanza ni la juu juu. Ukikwangua ukakuta nyuzi nyeupe, zilizokauka, zinazochambuka kwa ncha ya kisu, basi maji yameshaanza kusafiri kwa kufuata nyuzi, na hali ni nzito zaidi. Lengelenge pana kama sahani, ambalo halikuinuka sana lakini linatoa sauti ya debe bovu ukiligonga, linaweza kuwa ni matabaka ya faiba yaliyoachana ndani kabisa. Hilo la mwisho ndilo linalogusa nguvu za bodi, na mnunuzi asiye fundi anapaswa kulikimbia. Kwa kugonga, nyundo ndogo ya plastiki inatosha: faiba nzima hulia kwa sauti kali na fupi, iliyoachana hujibu kwa mlio mzito uliokufa. Inabidi kugonga eneo kubwa kabla sikio halijazoea, na kukumbuka kwamba mahali ambapo ndani kuna ukuta, tanki au ubavu wa kuimarishia patatoa sauti tofauti bila kuwa pabovu.

Kuhusu kipima unyevu nina maneno zaidi, kwa sababu ndicho kifaa kinachoogopwa bure na kuaminiwa bure. Mita hizi hazipimi maji moja kwa moja. Hupima jinsi kitu kilicho mbele yake kinavyoitikia umeme, na maji hubadilisha mwitikio huo, lakini shaba iliyomo ndani ya rangi ya chini, chumvi iliyoganda juu ya bodi, chuma na tanki la maji lililo upande wa pili vyote huubadilisha pia. Namba inayoonekana si asilimia ya maji yaliyomo ndani ya faiba, hata kama kioo cha mita kina alama ya asilimia, kwa kuwa vipimo vingi vya namna hiyo viliwekwa kwa ajili ya mbao au ni vya kulinganisha tu. Mkaguzi mzuri kwanza hukwangua rangi hadi kwenye jelikoti, huifuta kwa maji yasiyo na chumvi, huiacha ikauke, kisha hupima sehemu za juu ya maji ili apate namba ya kulinganishia kabla hajashuka chini. Boti yoyote ya zamani iliyotolewa majini asubuhi itasoma juu, pamoja na ile isiyo na lengelenge hata moja. Usomaji wa juu bila dalili nyingine humaanisha bodi lenye unyevu, na mabodi mengi yenye unyevu huendelea kuelea miongo kadhaa bila kuugua. Ninapoona ripoti inayohukumu boti kwa namba za mita peke yake, bila kusema palikwanguliwa wapi na hali ya hewa ilikuwaje siku hiyo, huiweka kando.

Mkaguzi wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na nilimlipa mimi, si muuzaji wala dalali. Hilo nalitaja kwa sababu katika jambo hili kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Muuzaji atasema ni madoa ya urembo tu, yadi ya kutengenezea boti inayouza matibabu itasema boti haitafika mwaka ujao, na dalali atasema lolote litakaloharakisha saini. Mtu pekee asiyefaidika na jibu lolote ni yule uliyemwajiri wewe.

Je, osmosisi inazamisha boti? Malengelenge ya juu juu hayazamishi. Bodi nene la miaka ya 1970 linaweza kuwa na mamia ya malengelenge ndani ya jelikoti na likabaki na karibu nguvu zake zote, kwa sababu jelikoti haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na matabaka ya nyuzi yaliyo nyuma yake. Isipokuwa, na hapa sitaki kueleweka vibaya, bodi lenye tabaka la katikati la mbao ya balsa au povu chini ya mstari wa maji ni habari nyingine. Humo ngozi ya nje huwa nyembamba zaidi, maji yakivuka yanasambaa ndani ya kiini, na unachotibu si malengelenge tena bali ni ujenzi mzima wa bodi. Mimi nilitaka bodi la faiba tupu, na boti nyingine niliyoipenda zaidi kwa umbo nilikwisha kuiacha kwa sababu hiyo moja.

Hofu ambayo watu huimalizia kwenye malengelenge ingefaa wairudishe kwenye mkuku, ule uzito uliofungwa chini ya boti ili isipinduke. Mwezi Mei 2014 boti ya matanga Cheeki Rafiki, iliyokuwa ikirejea Uingereza kutoka Antigua, ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki na watu wake wanne wote wakapotea. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza waliandika kwamba huenda kupanda mwamba mara kadhaa siku za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kulidhoofisha muundo wa ndani unaoshikana na bodi mahali mkuku unapofungwa. Ripoti ya namna hiyo inapaswa kusomwa na kila anayenunua boti yenye mkuku wa bolti. Kwa hiyo nilitumia muda mwingi ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti yanakojikusanya maji, nikiwa nimelala kifudifudi, kuliko nilioutumia kuhesabu malengelenge: nikitafuta kutu kuzunguka nati za bolti za mkuku, nyufa kwenye mbavu za faiba zilizo karibu, na dalili za matengenezo yaliyopakwa rangi juu. Kwa nje nilitazama mshono baina ya mkuku na bodi, hasa ukingo wa nyuma, ambao ndio unaosukumwa juu boti inapogonga mwamba.

Nilitazama pia vali za maji ya bahari, zile zinazofunga matundu yaliyo bodini, kwa kuwa shaba nyeupe ya kawaida hupoteza zinki yake ndani ya maji ya chumvi, ikabaki na rangi ya waridi na ulegevu wa biskuti, na vali moja ikikatika usiku inaweza kuzamisha boti isiyo na lengelenge lolote. Sitaha ilikuwa na kiini cha balsa, kama ilivyo kawaida ya zama hizo, na iligongwa yote. Palipatikana sehemu moja iliyolowa karibu na mguu wa mlingoti, ambayo iliingia kwenye hesabu ya bei. Usukani ulikuwa umejaa maji, jambo ambalo karibu kila usukani wa faiba wenye povu ndani hulifanya. Kamba za chuma za kushikilia mlingoti zilikuwa zimepita umri wake. Bati zinazofunga kamba hizo bodini, ambazo hupita ndani ya sitaha mahali pasipoonekana, tulizifungua mbili ili kutazama kama chuma chake kimeliwa na kutu ya nyufa.

Sasa matibabu, maana bei unayoitoa lazima iyafahamu hata kama huna nia ya kuyafanya. Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutofanya lolote zaidi ya kutazama. Ya pili ni kutibu lengelenge mojamoja: unalifungua kwa msasa au kisagio hadi kwenye faiba nzima, unaliosha kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, unaliacha likauke sana, kisha unalijaza kwa puti ya epoksi, rezini inayostahimili maji kuliko poliesta. Puti ya poliesta, ile ya kunyooshea magari, haifai hapo kwa kuwa hunywa maji na haishiki vizuri. Njia hii ni halali pale malengelenge ni machache, ingawa hairudishi ujana wa bodi na mapya yatatokea jirani.

Ya tatu ni kulivua bodi lote jelikoti yake chini ya mstari wa maji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kazi mbaya. Kuvua kwenyewe si kugumu kwa mwenye mashine: randa maalumu hukata jelikoti kwa kina kilicho sawa, au mchanga hupulizwa na kufungua kila kijumba kilichojificha. Kugumu ni kuosha na kukausha. Glaikoli haikauki kwa upepo. Ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo bodi lenye glaikoli litaendelea kusoma unyevu hata likikaa uwanjani kiangazi kizima, na mwenye nalo atasubiri akidhani anakausha. Dawa yake ni kuosha kwa maji yasiyo na chumvi yenye shinikizo, ikiwezekana ya moto, kuacha siku kadhaa, kuosha tena, na kurudia hadi vijumba vimeacha kutoa ule unata na harufu yake. Baada ya hapo ndipo kukausha kunapoanza, iwe kwa miezi ya hewa kavu chini ya paa, iwe kwa mablanketi ya joto yanayobanwa bodini kwa ombwe, ambayo huvuta glaikoli na maji pamoja na kufupisha kazi sana, ila yanahitaji mtu anayejua joto gani faiba ya zamani inavumilia. Kipimo cha bei nafuu cha kujua kama bodi limekauka ni kubandika karatasi ya plastiki angavu na kuziba kingo zake zote kwa utepe: matone yakijikusanya nyuma yake baada ya siku za jua, bado.

Ikiwa randa imechukua sehemu ya faiba pamoja na jelikoti, faiba hiyo inarudishwa kwanza kwa matabaka mapya. Halafu inakuja epoksi isiyo na viyeyushi, tabaka baada ya tabaka, hadi unene mkavu wa robo hadi nusu milimita kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji. Epoksi nyingi hazitaki kupakwa chini ya nyuzi joto 10, wala hazitaki bodi lililo karibu na kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kuwa matone. Kanuni ya mafundi wa rangi ni bodi liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango hicho. Baina ya tabaka moja na jingine kunaweza kutokea utando unaofanana na nta unaoondolewa kwa maji safi, na anayepaka tabaka jipya juu ya utando huo ataliona likibanduka. Kupaka epoksi juu ya bodi lililolowa ni kufungia maji ndani na kulipa ili yafungiwe. Ndiyo sababu sivutiwi sana na tangazo linalosema boti "imepakwa epoksi" bila karatasi: nataka kuona tarehe ya kuvuliwa, orodha ya vipimo vya unyevu wakati wa kukausha, jina la rezini, idadi ya matabaka, na kama kuna dhamana, iwe inahamishika kwa mnunuzi. Boti isiyo na matibabu, yenye malengelenge yanayoonekana wazi, ni afadhali kuliko iliyotibiwa ovyo mwaka jana.

Mazungumzo ya bei yalikuwa rahisi kuliko nilivyotazamia. Niliomba yadi mbili zinipe makadirio ya maandishi ya kuvua, kukausha na kupaka upya, na nikayaweka mezani pamoja na gharama za kamba za mlingoti na sehemu ile ya sitaha. Sikudai gharama yote ya matibabu iondolewe kwenye bei, kwa sababu bei ya boti ya umri huo tayari hudhania bodi la umri huo, na muuzaji alikuwa na haki ya kunikumbusha. Tuligawana takriban nusu kwa nusu. Upande wa bima, sera nyingi hazilipi uharibifu unaokuja polepole, osmosisi ikiwemo, lakini kampuni inaweza kuuliza kama ripoti ya ukaguzi ina mapendekezo ambayo hayajatekelezwa. Nilimwomba mkaguzi aandike bayana kwamba malengelenge hayaathiri kwa sasa ustahilifu wa boti kusafiri, na kwamba yafuatiliwe kila ipandishwapo.

Kuyafuatilia ndiko nilikokuchagua. Nimechora ubavu wa boti kwenye karatasi kubwa, kila lengelenge likiwekwa mahali pake pamoja na upana wake kwa milimita, na sehemu zilezile nilizokwangua hupimwa unyevu kila boti inapotolewa majini, kwa mita ileile na baada ya idadi ileile ya siku za kukauka. Ongezeko dogo la yale madogo halitanifanya nitoe fedha. Nikikuta lengelenge linalovuka mkeka wa kwanza wa nyuzi, au yale ya ukubwa wa kunde yakianza kuungana, boti itavuliwa msimu huohuo. Ngama huikausha kila siku kwa sponji, maana maji hupenya faiba kutoka ndani pia, na huko hakuna hata jelikoti ya kuyachelewesha. Fedha iliyobaki kwenye punguzo la bei imeshaagizia kamba mpya za mlingoti na vali zote za chini.